Kamyoni ikikataa kuwaka asubuhi, kosa si la demareri kila mara

Saa kumi na moja alfajiri, kabla jua halijatoka juu ya milima ya Lubero, shofere wa kamyoni anajinyoosha kwenye kiti alicholalia, anasugua macho, kisha anageuza ufunguo. Sauti itakayofuata ndiyo itaamua siku yake. Moteri ikinguruma, safari inaendelea. Ikisikika "tak" moja kisha kimya, siku imeharibika.

Kwa watu wanaoishi kwa barabara, kimya hicho kina bei. Viazi, kabeji na vitunguu vinavyotoka nyanda za juu za Lubero kwenda Butembo na Beni havingoji. Samaki wabichi wa ziwa Edouard hawangoji hata nusu siku. Mahali ambapo njia ni nyembamba na matope yamekula pande zote mbili, kamyoni moja isiyowaka inawafungia njia wote walio nyuma yake. Na pale ambapo usalama hauna uhakika, kulala usiku wa pili porini ni jambo ambalo hakuna shofere wala abiria aliyeketi juu ya mizigo analikubali kwa hiari.

Ndiyo maana haraka inaingia, na haraka ndiyo inayokula pesa. Mara nyingi neno la kwanza linalotoka mdomoni ni "demareri imekufa". Demareri inafunguliwa, inapakiwa kwenye pikipiki, inapelekwa mjini, inabadilishwa kwa nyingine ya okazi, inarudishwa na kufungwa. Ufunguo unageuzwa. Tak. Kimya kile kile. Pesa ya demareri imekwenda, pesa ya pikipiki imekwenda, na ugonjwa wenyewe haujaguswa.

Moteri inaomba vitu vitatu

Moteri ya mazutu haina mambo mengi. Ile ya esanse inahitaji cheche ya bujii ili iwake. Ya mazutu haihitaji. Pistoni inapanda na kubana hewa ndani ya silinda mpaka inabaki na nafasi ndogo mara 15 hadi 22 kuliko ya kwanza, kulingana na aina ya moteri. Hewa iliyobanwa hivyo inapata joto linalopita digri 500. Hapo injekteri inarusha mazutu kama ukungu, na mazutu yanawaka yenyewe.

Kwa hiyo moteri ya namna hiyo inaomba vitu vitatu tu. Izungushwe kwa kasi ya kutosha, na hiyo ni kazi ya batri na demareri. Ipate mazutu safi, yasiyochanganyika na hewa wala maji. Ipate hewa ambayo ikibanwa inafika kwenye joto la kuwasha. Kimoja kikikosekana, haiwaki. Vyote vikiwepo, haina namna ya kukataa.

Fundi mzuri wa garaji anaanza na swali moja, mbele ya kutaja kipande chochote cha kununua: inazunguka ao haizunguki? Kama haizunguki, ugonjwa uko upande wa umeme na hakuna faida ya kufungua tiyo za mazutu. Kama inazunguka vizuri lakini haiwaki, demareri imekwisha kufanya kazi yake na haipaswi kuguswa. Swali hilo moja linaokoa nusu ya pesa zinazopotea njiani.

Kamyoni ambayo ni nyumba

Ulaya kuna gari zinazoundwa ili watu waishi ndani. Zina kitanda, jiko, frigo, taa na tanki la maji. Nyingi za gari-nyumba hizo zimejengwa juu ya gari za mizigo nyepesi kama Fiat Ducato. Wenyewe wanasafiri nazo wakati wa likizo, kisha wanaziegesha miezi yote ya baridi. Na malalamiko yao ya kila mwaka yanafanana na ya shofere wa Lubero: ufunguo unageuzwa, gari inanyamaza.

Waundaji wa gari hizo walifahamu kwamba frigo na taa za usiku zitakula nguvu ya kuwashia moteri. Kwa hiyo wanaweka batri mbili zenye kazi mbili: moja ya moteri, nyingine ya nyumba. Kati yake kuna rele. Moteri ikizunguka, rele inaziunganisha ili alternateri izichaji zote. Moteri ikizimwa, rele inazitenga. Mtu anaweza kuacha taa mpaka batri ya nyumba imalizike, na asubuhi ile ya moteri iko na nguvu yake yote.

Mashariki mwa Kongo hakuna mtu anayeita kamyoni "gari-nyumba", lakini ndivyo ilivyo. Njia ikikatika, shofere na konvwayeri wake wanalala kwenye kabini ao juu ya mzigo siku tatu, siku tano, pengine juma nzima. Wanapika kando ya magurudumu. Wanasikiliza redio, wanachaji simu zao na za abiria, wanaacha ampuli ikiwaka usiku kucha ili kuchunga mali ya watu. Tofauti ni moja: vyote hivyo vinakula kwenye batri zile zile zinazotegemewa kuwasha moteri alfajiri.

Hesabu yake si ngumu. Taa mbili kubwa za gari ya volti 12, pamoja na zile ndogo za nyuma, zinakula karibu amperi 10. Batri ya amperi-saa 100, mpya na iliyojaa, inafika nusu baada ya saa tano. Simu moja inakula kidogo sana. Lakini simu kumi, ampuli moja na redio yenye spika kubwa, tangu jioni mpaka alfajiri, zinaweza kumaliza batri iliyokwisha kuzeeka.

Tena batri ya kuwashia haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Sahani zake za plombi ni nyembamba na nyingi, ili itoe nguvu kubwa kwa sekunde chache, kisha ichajiwe mara moja. Ikimalizwa kabisa mara kwa mara, inakufa mapema, hata kama ilinunuliwa mpya.

Sauti, taa na mkono

Tuchukue mfano. Kamyoni ya tani kumi iliyobeba viazi imelala njiani kwa usiku wa pili. Asubuhi shofere anageuza ufunguo: taa za tablo zinawaka vizuri, inasikika tak moja, basi. Konvwayeri anachungulia dirishani na kusema, "Mzee, hiyo ni demareri." Inawezekana. Lakini mbele ya kufungua hata bulo moja, kuna majibu yanayopatikana bure.

La kwanza ni sauti yenyewe. Tak-tak-tak-tak za haraka zinaonyesha batri dhaifu: ina nguvu ya kuvuta sumaku ya demareri, lakini ikianza kubeba mzigo wa moteri inaporomoka, sumaku inaachia, kisha inavuta tena. Tak moja nzito inaweza kutoka kwa batri iliyochoka, kichwa cha batri kilicholegea, waya wa masi ulioliwa na kutu, ao demareri yenyewe. Kimya kabisa, bila tak hata moja, kinaonyesha kwamba amri ya ufunguo haifiki: pengine fizibli imeungua, pengine waya mdogo wa demareri umetoka, na kwa gari ya otomatiki, pengine mkono wa viteso haukukaa vizuri kwenye P ao N. Na ikisikika kitu kinachozunguka bure kwa kelele huku moteri imesimama, hapo demareri haikamati meno ya gurudumu la moteri, na inafaa kufunguliwa kweli.

La pili ni taa. Mtu moja anasimama mbele ya gari, taa kubwa zinawashwa, mwingine anageuza ufunguo. Taa zikizimika ao zikawa nyekundu kama kaa la moto, nguvu haitoshi ao imezuiliwa njiani. Wa kuchunguzwa ni batri na vichwa vyake. Zikibaki nyeupe bila kutikisika na hakuna kinachozunguka, nguvu ipo lakini demareri haiipati ao haiitumii. Zikififia kidogo na moteri ikazunguka kama kawaida, umeme hauna shida.

La tatu ni mkono. Baada ya kujaribu kuwasha kwa sekunde chache, shofere anagusa vichwa vya batri na mahali waya wa masi unapofungwa kwenye chasi. Kikiwa cha moto, nguvu inapotelea hapo. Ule unga mweupe ao wa kijani unaoota juu ya vichwa vya batri unazuia umeme sawa na jiwe kwenye mfereji. Kichwa cha hasi kinafunguliwa kwanza, ili kle ikigusa chuma cha gari isipige cheche. Vichwa vinasafishwa kwa maji ya uvuguvugu yenye bikarbonati, vinapigwa msasa mpaka plombi ing'ae, chanya inafungwa kwanza na hasi mwisho, kisha grisi kidogo inapakwa juu. Hiyo ni kazi ya robo saa, na haihitaji kipande chochote kutoka mjini.

Batri mbili, mgonjwa mmoja

Turudi kwenye kamyoni ya viazi. Vichwa vimesafishwa na kukazwa, lakini tak bado ni ile ile. Sasa inahitajika voltimetri, chombo kidogo ambacho kila mtengenezaji wa redio na simu anacho. Batri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika inaonyesha volti 12,6 ao zaidi kidogo. Ikionyesha 12,2 imebaki nusu. Chini ya 11,9 imekwisha. Na wakati demareri inazungusha, isishuke chini ya 9,6.

Kamyoni nyingi kubwa zinatumia volti 24, yaani batri mbili za 12 zilizofungwa moja baada ya nyingine. Hapo ndipo mtego ulipo. Redio, chaja na ampuli nyingi za sokoni ni za volti 12. Fundi wa haraka anavuta waya kwenye batri moja tu kati ya zile mbili, redio inaimba, shofere anafurahi. Lakini tangu siku hiyo batri moja inabeba kazi ya nyumba nzima usiku, na mwenzake analala.

Asubuhi shofere akipima zote mbili pamoja, anaweza kuona volti 24,3 na kufikiri kwamba hali si mbaya. Akipima kila moja peke yake, ukweli unatoka: ya kwanza 12,7 na ya pili 11,6. Hiyo ya pili imekwisha. Tablo inawaka kwa sababu taa zake zinaomba kidogo sana. Demareri inaomba mamia ya amperi, na umeme wote lazima upite ndani ya batri zote mbili. Iliyokufa inamfungia njia mwenzake mzima. Demareri iliyotaka kupelekwa mjini kwa pikipiki haikuwa na kosa lolote.

Mchana ubaya unaendelea kimyakimya. Alternateri inachaji kwa karibu volti 28 kwa zote mbili pamoja. Haina macho ya kuona kwamba moja imejaa na nyingine ina njaa. Iliyojaa inapokea kupita kiasi, inachemka na kukausha maji yake. Yenye njaa haifiki kujaa hata siku moja. Baada ya miezi, zote mbili zinaharibika, moja kwa njaa, nyingine kwa kuvimbiwa. Mwenye gari ananunua batri moja mpya, anaifunga pamoja na ile ya zamani, na hadithi inaanza upya.

Dawa ziko mbili. Ya kwanza ni kifaa kidogo kinachoshusha volti 24 kuwa 12: kinakula kwenye batri zote mbili sawasawa, ingawa usiku mrefu bado unaweza kuzichosha. Ya pili ni kufanya kama wenye gari-nyumba: batri moja ya pembeni kwa ajili ya redio, simu na ampuli, isiyoungana na zile za moteri, inayochajiwa kwa plaki ndogo ya jua juu ya kabini. Hata batri ambayo haina tena nguvu ya kuwasha moteri inaweza kuendelea kuwasha ampuli moja na kuchaji simu kwa muda.

Inazunguka lakini haiwaki

Siku nyingine moteri inazunguka kwa nguvu, haraka na vizuri, lakini haishiki. Hapo macho yanahamia kwenye bomba la moshi.

Kama hakuna moshi hata kidogo, mazutu hayafiki kwenye silinda. Kama unatoka moshi mweupe wenye harufu ya mazutu, yanafika lakini hayawaki: ni baridi, ao bujii za kupasha moto hazifanyi kazi, ao moteri imechoka na haibani hewa tena. Moshi mweusi unaonyesha kwamba hewa haitoshi, na filtri ya hewa iliyojaa vumbi ndiyo inaangaliwa kwanza.

Bila moshi, uchunguzi unaanza kwenye rezervwari. Mshale wa tablo unaweza kudanganya. Kijiti safi kilichotumbukizwa ndani hakidanganyi. Kisha pompi. Moteri nyingi za zamani zina sumaku ndogo juu ya pompi inayofungua njia ya mazutu ufunguo unapowashwa na kuifunga unapozimwa. Ufunguo ukiwashwa, inapaswa kusikika ikigonga kidogo. Ikinyamaza, huenda waya wake umetoka ao fizibli imeungua, na moteri itazungushwa mpaka batri ife bila kupata tone moja.

Kisha hewa. Tiyo iliyopasuka, bulo iliyolegea, filtri iliyobadilishwa jana ao rezervwari iliyokauka, yote yanaingiza hewa, na pompi haiwezi kusukuma hewa kama inavyosukuma mazutu. Kwenye moteri ya zamani, visi ndogo juu ya filtri inalegezwa, pompi ya mkono inasukumwa mpaka mapovu yaishe na mazutu yatoke bila mapovu, kisha visi inakazwa. Kama bado inakataa, bulo za tiyo zinazoingia kwenye injekteri zinalegezwa kidogo wakati demareri inazungusha, mpaka mazutu yatoke, kisha zinakazwa.

Hilo la mwisho halifanywi kamwe kwenye moteri za kisasa zinazoendeshwa na kompyuta. Ndani ya tiyo zake mazutu yanabanwa kwa nguvu inayopita bari 1.000, na kwa nyingi inafika karibu 2.000. Mchirizi mwembamba kama uzi unapenya ngozi na kuingia ndani ya nyama. Jeraha linaonekana dogo kama la sindano, lakini mazutu yaliyoingia mwilini yanaweza kumfanya mtu apoteze kidole ao mkono. Aliyepatwa na jambo hilo aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama hasikii maumivu.

Halafu kuna maji. Mahali ambapo kituo cha mafuta kiko mbali, mazutu yananunuliwa kwa wauzaji wa kando ya barabara wanaoitwa Kadafi, kwenye bidon ambayo pengine jana ilikuwa na kitu kingine. Si kila bidon ina maji, lakini kujua ni rahisi. Mazutu kidogo yanamiminwa kwenye chupa nyeupe ya maji ya kunywa na kuachwa yatulie. Maji ni mazito kuliko mazutu, yanashuka chini na kuonyesha mstari. Mazutu yenye ukungu yana maji yaliyochanganyika. Filtri nyingi zina visi chini yake kwa ajili ya kumwaga maji hayo. Anayeifungua kila juma anailinda pompi, na pompi ndiyo moja ya vipande vya bei kali zaidi kwenye moteri ya mazutu.

Baridi nayo ina sehemu yake. Gari inayowaka bila neno Uvira, kando ya ziwa Tanganyika, inaweza kukataa alfajiri kwenye milima ya Lubero, zaidi ya mita elfu moja juu kuliko Uvira. Huko hewa ni baridi na nyepesi, oili ni nzito, na batri yenyewe inatoa nguvu kidogo. Kama gari ina bujii za kupasha moto, shofere awashe ufunguo na angoje taa yake ya tablo izimike mbele ya kuzungusha. Bujii moja iliyokufa inafanya moteri iwake kwa kutetemeka. Zikifa tatu ao nne, haiwaki kabisa mpaka jua lipande.

Msaada unaoua

Pane inapoitisha watu, kila mmoja anakuja na shauri lake, na mengine yanaharibu zaidi ya pane.

Kuzungusha bila kupumzika ni la kwanza. Demareri inafanya kazi kwa sekunde 10 ao 15, kisha inahitaji dakika moja ao mbili za kupoa. Anayeshikilia ufunguo dakika nzima anaweza kuiunguza, na hapo neno "demareri imekufa" litakuwa kweli.

Spre ya eteri ni la pili. Ikipulizwa kwenye njia ya hewa wakati bujii za kupasha moto zimewaka, inaweza kulipuka palepale, ao kuvunja pistoni. Kitambaa chenye esanse kilichowashwa mbele ya filtri ya hewa kina hatari hiyo hiyo, pamoja na ya kuchoma gari na mzigo.

La tatu ni kuteremsha gari kwenye mlima ili iwakie njiani. Gari ndogo yenye viteso vya mkono, kwenye uwanja tambarare, inaweza kusukumwa. Lakini kamyoni iliyobeba tani kumi, moteri ikiwa imezimika, haina msaada wa usukani, na breki za hewa hazijazwi. Isipowaka, kuisimamisha kunaweza kuwa vigumu sana.

La nne ni la gari iliyopita kwenye mto uliojaa. Kama moteri ilizimika ndani ya maji, isizungushwe hata mara moja mbele ya kuangalia filtri ya hewa. Maji hayabaniki kama hewa; yakiwa ndani ya silinda, demareri yenyewe inaweza kupinda vyuma vya ndani, na pane ya filtri inakuwa pane ya moteri nzima.

Msaada mzuri unatoka kwa kamyoni ya jirani, kwa masharti. Volti 24 kwa volti 24, volti 12 kwa volti 12. Kuchanganya ni kuunguza. Kable nyekundu inafungwa kwanza kwenye chanya ya gari mgonjwa, kisha kwenye chanya ya gari nzima. Kable nyeusi inafungwa kwenye hasi ya gari nzima, na mwisho wake kwenye chuma kitupu cha moteri ya gari mgonjwa, mbali na batri. Sababu ni kwamba batri inayochajiwa inatoa gesi inayoweza kulipuka, na cheche ya mwisho haitakiwi karibu nayo. Sigara nayo ingojee. Moteri ya jirani inaachwa izunguke dakika kumi, kisha ufunguo unageuzwa.

Kazi ya jioni

Ndivyo kamyoni ya viazi katika mfano wetu inavyoweza kuondoka. Nyuma yake kuna nyingine ya volti 24 iliyofungiwa njia, na shofere wake hana sababu ya kunyima kable, kwa maana asipomsaidia mwenzake naye hapiti. Batri zinaungwa kwa utaratibu, wanangoja dakika kumi, moteri inanguruma. Viazi vinafika sokoni siku hiyo, na bei ya demareri ya okazi inabaki mfukoni.

Lakini ugonjwa haujapona. Waya wa redio ukibaki kwenye batri ile ile, asubuhi ya kesho kutwa itakuwa kama ya leo. Kwa hiyo kazi inafanywa jioni, wakati kungali na mwanga na hakuna anayepiga honi nyuma: kuhamisha waya wa redio, kukaza vichwa vya batri, kumwaga maji ya filtri, kuzima taa kubwa na kubaki na ampuli ndogo ya betri ya nyumba, kuegesha mahali ambapo kamyoni nyingine inaweza kukaribia kwa kable.

Na kwenye sanduku la kabini, kando ya sufuria na blanketi, pabaki voltimetri, kable mbili nene, msasa, grisi, fizibli chache, filtri moja ya mazutu na chupa moja nyeupe. Vyote pamoja havipimi kilo kumi. Shofere mwenye vitu hivyo, akigeuza ufunguo alfajiri na kusikia tak, atamwambia konvwayeri wake ashuke na kusimama mbele ya taa, mbele ya kumwambia atafute pikipiki.